Robert Koch na Milima ya Usambara: Daktari Aliyeitafuta Kinga

 

Ndugu zetu wengi huuliza kuhusu chanjo. Je, mzazi anayempeleka mtoto wake kuchanjwa amepungukiwa na kutawakali kwa Allah? Jibu la kifiqhi wanachuoni wameshalieleza, na kujitibu na kujikinga hakupingani na tawakkul. Lakini ukikaa na muulizaji kidogo utagundua kuwa fiqhi haimsumbui sana. Kinachomsumbua ni mwili wenyewe: sindano ile inaufanya nini, na kwa nini mtu mzima achomwe dawa ya ugonjwa asiokuwa nao? Kwa hiyo leo hatuandiki fatwa. Tunaeleza maisha ya mtu aliyetumia umri wake wote kulitafuta jibu la swali hilo, akalipata nusu, na sehemu ya safari yake ikapita katika milima yetu ya Usambara.

Mtu huyo hakuwa Muislamu. Hilo halituzuii kunufaika na elimu yake. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka pamoja na Abu Bakr (r.a.) alimkodi Abdullah bin Urayqit awaonyeshe njia, naye alikuwa bado katika dini ya watu wake, kwa sababu alizijua njia za jangwani na alikuwa mwaminifu katika kazi yake.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Disemba 1843 katika mji wa Clausthal, nchini Ujerumani, mji wa wachimba madini ulio milimani. Walizaliwa watoto kumi na watatu katika nyumba yao, naye alikuwa wa tatu. Inaelezwa kwamba alijifundisha kusoma kwa magazeti kabla hajaanza shule. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866, akaoa mwaka uliofuata, akahudumia majeruhi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, na mwaka 1872 akapangiwa kazi ya uganga wa wilaya mahali paitwapo Wollstein, mji ambao leo uko Poland.

Hakuwa na maabara. Alikuwa na nyumba, wagonjwa wa kila siku, hadubini, na panya. Wafugaji wa eneo lile walikuwa wakipoteza mifugo kwa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu nao wanaujua. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaipaka kwenye kijiti kilichochongwa, akamchoma nacho panya. Panya akafa, na katika damu yake vikaonekana vijidudu vilevile vyenye umbo la fimbo. Akaviotesha nje ya mwili, akaona vinavyojigeuza kuwa mbegu ngumu ambazo hudumu ardhini miaka mingi. Hapo ndipo ikajulikana kwa nini malisho yaliyowahi kuzikwa mzoga wa kimeta huua tena baada ya miaka. Mwaka 1876 aliyapeleka matokeo yake kwa profesa Ferdinand Cohn mjini Breslau, na daktari wa wilaya asiyejulikana akawa mtu wa kusikilizwa.

Tarehe 24 Machi 1882, akiwa Berlin, aliwaeleza wataalamu wenzake kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Kwa makadirio yake, katika kila watu saba waliokuwa wakifa, mmoja aliuawa na ugonjwa huo, na wengi waliamini kuwa ni wa kurithi. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa siku ya kifua kikuu duniani. Miaka miwili baadaye, baada ya safari za Misri na Calcutta, akaeleza pia kijidudu cha kipindupindu.

Kumjua adui ni jambo moja. Kujua kwa nini wawili hulala chumba kimoja na mgonjwa, mmoja akaugua na mwingine asiguswe, ni jambo jingine. Tabibu wa Kiislamu Abu Bakr al-Razi, mzaliwa wa Rayy aliyefariki karne ya kumi Miladia, alikuwa ameligusa suala hilo alipoandika kitabu chake juu ya ndui na surua. Aliyatenganisha magonjwa hayo mawili, na akajaribu kueleza kwa nini ndui huwapata zaidi watoto na kwa kawaida haimrudii aliyeipona. Maelezo yake, ya damu kuchemka na kukomaa kama kinywaji kinavyochacha, hayakubaliki leo. Lakini swali lilikuwa sahihi, na lilisubiri takriban miaka elfu moja.

Jibu tulilonalo sasa, kwa ufupi, ni hili. Allah (s.w.) ameuwekea mwili ulinzi wa ngazi mbili. Ya kwanza ni ya wote: ngozi, makamasi, machozi, tindikali ya tumbo, homa yenyewe, na chembe nyeupe za damu ambazo humeza chochote kigeni zinachokutana nacho. Ya pili hujifunza. Bakteria au virusi vikiingia, chembe fulani huvisoma umbo lake na kutengeneza silaha ya umbo lile tu. Nyingine hutengeneza kingamwili, ambazo huelea katika damu na kumshika mdudu kabla hajadhuru. Nyingine huenda kuziua chembe za mwili zilizokwisha kuvamiwa, na hizi ndizo muhimu hasa kwa virusi, maana kirusi hujificha ndani ya chembe ambamo kingamwili haifiki. Mara ya kwanza kazi hii huchukua siku nyingi, na katika siku hizo mtu anaweza kufa. Akipona, hubaki chembe chache za kumbukumbu. Ni kama sungusungu wa kijiji: mwizi wa kwanza huwapotezea usiku mzima, lakini akirudi sura yake inajulikana. Chanjo ni kuwaonyesha sungusungu sura ya mwizi kabla hajaja.

Haya yote Koch hakuyajua. Sehemu kubwa ilianza kugunduliwa na watu waliomzunguka, na baadhi yao aliwapuuza. Elie Metchnikoff, Mrusi aliyeziona chembe zinazomeza wadudu, alipokewa Berlin kwa ubaridi. Mwaka 1890 Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, wote wakifanya kazi chini ya Koch, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya pepopunda au dondakoo hubeba kitu kinachoizima sumu hiyo, na kwamba kitu hicho kinaweza kuhamishiwa kwa mnyama mwingine kikamlinda. Hizo ndizo kingamwili.

Na mwaka huohuo, bwana wao aliteleza.

Agosti 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari Berlin, Koch alitangaza kuwa amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Hakusema kimetengenezwa na nini. Habari zikaenea kama moto wa nyika, na wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila upande wa Ulaya, wengine wakiwa taabani. Dawa hiyo, iliyoitwa tuberkulini, ilichomwa kwa maelfu ya watu katika miezi michache. Waliokuwa wazima haikuwafanya kitu kikubwa. Wenye kifua kikuu walipandwa na homa kali, wakatetemeka, sehemu zao zenye ugonjwa zikavimba. Koch alidhani huko ndiko kupona. Wengine walikufa. Profesa Virchow alipopasua maiti zao alionyesha kuwa badala ya kufungika, ugonjwa ulikuwa umetawanyika. Mwanzoni mwa 1891 Koch alilazimika kusema siri yake: ilikuwa ni maji ya gliserini yaliyokamuliwa kutoka kwa vijidudu vya kifua kikuu vilivyokufa.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu kosa hili linafundisha kuhusu kinga kuliko ushindi wake mwingi. Kijidudu cha kifua kikuu kina hila. Chembe nyeupe humla, lakini yeye hafi. Huishi ndani ya tumbo la aliyemla. Mwili ukishindwa kumuua humjengea ukuta, na watu wengi walioambukizwa huishi na kuta hizo hadi wazeeke bila kuugua. Mwili wa mtu kama huyo unamjua adui wake vizuri mno. Ukiuchoma tuberkulini, unadhani umevamiwa upya, na chembe zake hukimbilia kila palipo na kijidudu kwa hasira. Hasira hiyo hiyo inaweza kuzibomoa kuta na kuwafungulia wafungwa. Kwa maneno mengine, kinga yenyewe iliwaumiza wagonjwa. Nguvu peke yake haitoshi katika ulinzi. Lazima pawe na kiasi.

Maji yale hayakupotea bure. Wataalamu wa baadaye walitambua kwamba tone dogo likichomwa mkononi, ndani ya ngozi, sehemu hiyo huvimba kwa aliyewahi kuambukizwa. Kama umewahi kupimwa hospitali kwa kuchomwa kwenye mkono wa mbele na kuambiwa urudi baada ya siku mbili tatu usomwe uvimbe, umepimwa kwa tuberkulini ya Koch. Chanjo ya kweli ya kifua kikuu, inayoachia watoto wetu kovu dogo begani, ilitengenezwa Ufaransa na ikaanza kutumika mwaka 1921, baada ya yeye kufa.

Aibu ile, pamoja na kuachana na mkewe mwaka 1893 na kumuoa msichana mdogo sana kwake, ilimfanya Berlin isimkalie vizuri. Akawa msafiri. Mwishoni mwa 1896 aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, ugonjwa ulioteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka michache nyuma yake, ukawaacha Wamasai na wafugaji wengine na njaa kubwa. Hadubini yake haikumwonyesha chochote, kwa kuwa sotoka ni kirusi, na kirusi ni kidogo kuliko alichoweza kukiona. Hata hivyo aligundua kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa na sotoka, ikichomwa kwa ng'ombe mzima, humpa kinga kwa muda. Njia hiyo ilikuwa na kasoro, lakini iliokoa mifugo, na iliwezekana bila kumjua adui kwa sura. Mwaka 1898 mwanafunzi wake wa zamani, Friedrich Loeffler, pamoja na Paul Frosch, ndio walioonyesha kwamba ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe huletwa na kitu kinachopita hata katika kichujio kinachozuia bakteria. Huo ukawa mlango wa elimu ya virusi vya wanyama. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, kwa chanjo.

Kutoka huko alipitia India kwenye tauni, kisha mwaka 1897 akashuka Dar es Salaam. Akiwa huko aliletewa vipimo kutoka Kiziba, karibu na Bukoba, akathibitisha kuwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita rubwunga ni tauni. Wenyeji wale walikuwa na utaratibu wao wa kuhama nyumba panya walipoanza kufa. Sisi Waislamu tunayo mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kutoingia penye tauni na kutotoka aliyemo, na Umar bin al-Khattab (r.a.) alirudi njiani asiingie Sham kwa sababu hiyohiyo. Watu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa tauni ni nini, maana ilizuka kwao mwaka 1980 na kuwasumbua kwa miaka mingi.

Mwaka 1898 ndipo Koch alipopanda Usambara Magharibi hadi Kwai, katika wilaya ya leo ya Lushoto, mahali ambapo Wajerumani walikuwa na shamba la majaribio. Alivutiwa na jambo ambalo kila Mshambaa analijua: ng'ombe wa juu ni mzima, lakini akishushwa pwani anakojoa damu na kufa. Koch alichukua kupe kutoka kwa ng'ombe wa pwani, akawaacha watage, kisha watoto wao akawaweka kwa ng'ombe wa Kwai. Ng'ombe wakaugua, hapohapo mlimani, hali hawajashuka hata hatua moja. Mmarekani Theobald Smith alikuwa ameshaonyesha jambo hilo kwao, na Kwai ikalithibitisha kwa Afrika. Koch aliona pia kwamba ng'ombe aliyeugua kidogo akapona, ugonjwa uleule haukumuweza tena. Alikosea sehemu moja: ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe aliouona pwani, aliudhani kuwa ni huohuo. Alikuja kujisahihisha miaka kadhaa baadaye, alipokuwa Rhodesia.

Habari za watu zilikuwa hivyohivyo. Washambaa wanaoishi juu, alieleza Koch, hawakuwa na malaria, lakini wakishuka nyikani walirudi na homa. Homa hiyo waliiita mbu, na mdudu anayeuma huko chini walimwita mbu, nao walisema wazi kwamba mdudu ndiye anayeileta. Walikuwa wakisema hayo wakati madaktari wa Ulaya wakiwa bado wanabishana, na Ronald Ross akiwa ndiyo kwanza anapasua mbu wake India. Koch, kwa haki yake, aliyaandika na kuyanasibisha kwa wenyewe. Sijui ni Washambaa wangapi leo wanaojua kwamba wazee wao wamo katika kumbukumbu za elimu ya malaria.

Malaria si bakteria wala virusi, ni kimelea. Kinga yake ni dhaifu, hujengwa polepole kwa kuugua mara nyingi tangu utotoni, na hupungua mtu akiwa mbali nayo. Koch aliliona hilo wazi zaidi alipokwenda New Guinea mwaka 1899: watoto ndio waliojaa vimelea, wazee wao wakitembea wazima. Kwa hiyo kijana wa Lushoto anayeshuka Mombo au Korogwe kutafuta kazi, akaanguka na malaria kali ilhali wenzake wa huko wanaumwa kichwa tu, hajarogwa. Mwili wake haujawahi kukutana na adui yule.

Alirudi tena mwaka 1905, mwaka wa vita vya Maji Maji, na safari hii akafanya kazi pia Amani, Usambara Mashariki, kwenye taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Aliichunguza homa ya papasi. Alionyesha kwamba papasi humrithisha mdudu wa homa kupitia mayai, hivyo nyumba ya udongo inaweza kubaki na ugonjwa kizazi baada ya kizazi cha papasi. Wageni waliolala katika vibanda vya misafara waliugua vibaya. Wenyeji hawakuugua sana, naye akaona kwamba wamepata kinga utotoni. Homa hii huja, huondoka, na hurudi baada ya siku kadhaa, na sababu yake iko katika kinga yenyewe. Mwili hutengeneza kingamwili, bakteria wengi hufa, mgonjwa hudhani amepona. Lakini wachache wamekwisha badilisha vazi lao la nje, na sungusungu hawawatambui. Huzaliana, homa hurudi, na mwili huanza kujifunza upya.

Disemba ya mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo, lakini uadilifu unatutaka tuseme yote. Mwaka 1906 hadi 1907 Koch alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiua watu kwa wingi. Mdudu wa malale naye hubadilisha mavazi, na mwili peke yake haumuwezi. Koch aliwachoma wagonjwa dawa yenye sumu ya zarniki, iitwayo atoksili, na ilipoonekana haitoshi akaongeza kipimo. Zaidi ya watu ishirini wakapofuka wasione tena, ndipo akarudisha kipimo chini. Wale walikuwa watu chini ya utawala wa kikoloni, wasioulizwa kama wanavyoulizwa wagonjwa leo. Aliyewahi kuteleza na tuberkulini Berlin, kwa wagonjwa wa Ulaya, alikuwa na sababu zote za kuwa mwangalifu zaidi. Mwenye hofu ya sindano katika nchi hizi hajaizua hofu hiyo kutoka hewani, na daktari anayeidharau hofu hiyo hatamfikia. Dawa na chanjo za leo hupitia majaribio ya hatua kwa hatua, kwa ridhaa, na kwa siri kufichuliwa, na sehemu ya sababu ni makosa kama haya.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika taasisi ya Berlin inayoitwa kwa jina lake. Amani, baada ya Wajerumani kuondoka, iliendelea kuwa na watafiti wa malaria kwa miongo mingi, na Kwai bado ipo, na ng'ombe wake bado wanaogeshwa dawa ya kupe.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.